Msamaha Nilioutangaza Kabla Sijapewa

Bwana Yesu asifiwe! Itikieni kwa nguvu sasa hivi, wapendwa, maana nikimaliza huenda wengine msitake kuniitikia tena.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba spika kila Jumapili, naimba besi kwenye kwaya, na baada ya ibada nabaki kuosha masufuria. Mlikuwa mnasema, huyu kijana wa Mount Druitt ameokoka kweli kweli. Basi nisikilizeni.

Tulitoka harusini, mimi na rafiki yangu. Nilikuwa nimekunywa. Akaniambia, "Kaka, tuite teksi." Nikamjibu, "Acha woga, hapa na nyumbani ni pua na mdomo." Nikagonga nguzo ya umeme. Mimi nilitoka na mchubuko kwenye paji la uso. Yeye alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembelea magongo. Alikuwa mpakiaji kwenye bohari moja huko Smithfield, na kazi ile ndiyo ikaishia hapo.

Mahakama ikaninyang'anya leseni, ikaniweka chini ya afisa wa probesheni. Mara kuripoti, mara kupimwa pombe, hata kwenda jimbo jingine, Melbourne, kumzika shangazi mpaka niombe ruhusa. Nilichoka. Siku moja afisa akaniuliza kama nina watu wa kunishika mkono. Nikamwambia nina kanisa. Akasema vizuri, nikishiriki kwa bidii shughuli za kanisa pamoja na kile kikundi chetu cha wanaoacha pombe, anaweza kupendekeza muda wangu wa probesheni upunguzwe. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, kanisa lenyewe nilikuwa naliona kwa nje tu. Wiki ile ile nikajiunga na kwaya. Nilichokuwa natafuta ni kupunguziwa muda, basi.

Mnakumbuka Jumapili aliyokuja yule afisa kutuona, mama wa kizungu aliyekaa kule nyuma? Mchungaji akaniita mbele nishuhudie, na mama mmoja wa Kenya akakaa naye kumtafsiria. Nikasimama hapa hapa. Nikaeleza pombe, nikaeleza ajali, nikaeleza magongo. Nikafika mwisho, nikakwama. Sisi tunavyojua ushuhuda, lazima uishie pazuri, la sivyo watu hawajui washangilie wapi. Mimi mwisho mzuri sikuwa nao, nikautunga. Nikasema, "Na rafiki yangu amenisamehe! Tumekumbatiana, tumelia pamoja!"

Mkapiga vigelegele. Yule mama wa Kenya akaja kuninong'oneza, "Officer ako na furaha sana, kijana wangu, hata amelia."

Na tangu ajali nilikuwa sijakanyaga Doonside kwa rafiki yangu hata mara moja. Nilimwogopa.

Muda ukapunguzwa. Mkanipikia pilau la kunipongeza, nikala, nikaomba niongezewe.

Kumbe ibada zetu zinarushwa kwenye simu, na rafiki yangu, kwa kuwa hawezi kukaa muda mrefu kwenye viti hivi, husali nasi akiwa kitandani. Mkewe akanipigia. Hakunisalimia. "Shemeji," akasema, "mume wangu anauliza, alikusamehe lini?"

Jamani, nilikaa chini sakafuni jikoni kwangu. Mguu wa mtu niliuharibu nikiwa mlevi. Huu wizi niliufanya nikiwa na akili zangu timamu, nimevaa sare ya kwaya.

Nikaenda Doonside. Shemeji alinifungulia mlango. Rafiki yangu akazima televisheni. "Watu wa kanisa wananipigia," akaniambia. "Wananipa hongera kwa moyo wangu mkubwa. Sasa nikisema nina hasira, mimi ndiye mbaya. Ulinichukulia mguu. Na hasira yangu pia umeichukua?"

Nikapiga magoti. "Inuka," akasema. "Hapa hakuna kamera. Nenda kamwambie yule uliyemdanganya."

Nikaenda. Yule mama wa Kenya alinisindikiza, na njia nzima kwenye treni alikuwa ananigombeza: "Umenifanya nitafsiri uongo, wewe! Mimi, mtu mzima!" Afisa alinisikiliza, kisha akasema hana budi kuripoti. Muda wangu ukarudi kama ulivyokuwa. Nilistahili.

Hapana, msiseme amina hapo. Subirini.

Mama, nakushukuru kwa kunigombeza na bado ukaenda nami. Mchungaji, ulinitoa kwenye kwaya lakini hukunitoa kanisani, Mungu akubariki. Wenzangu wa kikundi, mlikuwa mnanipigia simu kila nilipotamani chupa. Na shemeji, najua unasikiliza: kila Alhamisi unanifungulia mlango ili nimpeleke mumeo mazoezini kwa basi. Bado unanikasirikia na bado unafungua. Asante.

Kwa mwenzangu yeyote aliyeahidiwa kupunguziwa muda akija kusali: njoo, ndugu yangu, usione haya, na mimi nitakukaribisha. Ila ukisimama hapa, sema ulichonacho tu. Kama hadithi yako haijaisha, iache hivyo hivyo, hata kama hatutapata pa kushangilia.

Alhamisi iliyopita, tukiwa kwenye basi, nilimwambia rafiki yangu kwamba leo nitashuhudia. Nikamuuliza niwaambie nini kuhusu msamaha wake. Alitazama dirishani.

"Waambie bado," akasema.

Ndugu zangu, bado.