Peugeot Inayokuja Nyuma

Katika taksi yetu ya kutoka Bwera, Kahambu, muuza vitenge wa Butembo, alimcheka mwanajeshi mstaafu aliyeketi kando yake. “Afande, uko na Peugeot ya kwako, juu ya nini unapanda taksi?”

“Leo bibi yangu, mama watoto, anaipeleka mkutano wa magari ya zamani, Kikorongo. Ni mara yake ya kwanza. Nikikaa ndani, nitampa amri kila kona.”

“Unaogopa ataigonga!”

“Naogopa atafika salama bila mimi, mama.” Alisema hivyo akigeuka kutazama nyuma kwa mara ya kumi.

Taksi ikasimama Kikorongo. Magari ya zamani yalijipanga yaking'aa, nafasi moja ikiwa wazi. Kahambu akafungua kinywa tena. “Nyamaza kidogo, mama,” afande akamkatiza, akitega sikio kwenye barabara tuliyotokea. Sisi hatukusikia mlio wowote wa gari, lakini yeye alikuwa ameshaanza kutabasamu.