Majibu ya Emmah

Benchi la Muasya, muuza kahawa, liko Uthiru, mbele ya duka la kutengeneza simu, na kila asubuhi wateja wake huja hapo kunywa kahawa ya tangawizi na kubishania mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Siku hiyo Haron alikuja na swali lake mwenyewe, na ubishi ukakosa utamu. Mkewe, Emmah, alikuwa amekwenda kliniki moja huko Hurlingham kuchukua majibu ya vipimo vya uvimbe wa titi. Haron alitaka kujua kama kuna faida kuombea kitu ambacho daktari ameshakiandika.

— Hapo hakuna kesi, alisema Nzioka, wanayemwita Wakili ingawa mahakamani alifika mara moja tu, tena kama shahidi. Maombi ni ya kesho. Ya jana imeisha hiyo.

— Zii, mzee, alisema Quincy, mwenye duka la simu, ambaye jina lake kijiweni ni Netiweki. Mungu hana jana. Ombi ya saa hii inaweza kumfikia daktari kabla ashike kalamu.

— Kwa hivyo karatasi itajifuta?

— Itajifuta. Na hakuna mtu atajua ilikuwa imeandikwa ingine.

Wakili alipandisha sauti. Akauliza kama wote waliozikwa hapo mtaani waliombewa kwa kuchelewa. Netiweki akajibu kwamba pengine mbingu nayo ina foleni. Muasya, akimimina kahawa, akaongeza kwamba huenda Mungu husikiliza kwanza wale wasioomba sana, maana sauti zao hazijamchosha.

— Nyamazeni, alisema Haron. Mnaongea ni kama ni gari ya mtu imeharibika. Ni Emmah.

Kila mmoja akainamia kikombe chake. Malori yalisikika kule Waiyaki Way.

Ndipo akaja Debra, aliyefungua kibanda cha mboga wiki hiyo na hakuwa amemzoea yeyote. Akaagiza kahawa, akauliza mbona wamenuna. Wakili akamweleza kwa adabu kwamba mke wa Haron ameenda kuchukua majibu ya hospitali, naye Haron amebaki akimwombea.

— Pole sana, baba, alisema Debra. Na mbona hukuenda na yeye?

Wakili alitazama viatu vyake. Netiweki akaanza kupangusa kioo cha simu kilichokuwa safi. Haron alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amemwambia Emmah kwamba atabaki akiomba, na tangu alfajiri hakuwa ameomba hata neno moja. Aliogopa uso wa daktari. Uso wa Emmah aliuogopa zaidi.

Simu yake ikalia.

— Bado sijaitwa, alisema Emmah. Sauti yake ilikuwa ndogo. Unaomba?

— Niko njiani, alisema Haron.

Nairobi nzima inaujua uongo huo, na yeye aliusema akiwa bado amekaa. Kisha akainuka, akamrudishia Muasya kikombe kikiwa kimejaa, akaelekea steji ya matatu kwa mwendo wa karibu kukimbia.