Nimechoka, Mara Mia Mbili na Sita

Benchi la nje ya saluni ya Kinyozi lina mguu mmoja uliotiwa kiraka cha ubao, na anayekaa upande huo hukaa kwa adabu. Asubuhi ile alikaa Fundi, yule anayetengeneza kompyuta mlango wa pili, laptopu mapajani, kahawa imempoea pembeni. Mkewe alikuwa na miezi mitatu kaburini. Fundi alikuwa ametoa kwenye simu meseji zote walizoandikiana kwa miaka tisa, akaziweka kwenye faili moja refu. Alitaka kujua ugonjwa ulianza lini.

— Utazisoma zote hizo? Kinyozi aliuliza.

— Sisomi. Naiambia mashine initafutie. Nimeandika "naumwa", imeleta mistari minne tu, yote ya mwezi wa mwisho.

— Basi alikuficha, ndugu yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

— Hakuficha! alidakia Profesa, mwenzao wa benchi, ambaye shule aliiacha darasa la sita. Ni rangi ya ukuta. Ulipaka chumba kijani, ile harufu ikamshukia kwenye figo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji!

— Tembo na rangi wapi na wapi?

— Vyote vinamwagika.

— Mimi nasema ni mnara wa simu, Kinyozi alisema. Tangu usimikwe, wateja wangu nywele zinawaota upandeupande.

Fundi hakucheka. Kulikuwa na neno jingine ambalo mkewe alipenda kuliandika. Akalichapa hivi: ni?mechoka+

— Mbona unaliuliza swali neno la watu? Profesa alishangaa.

— Hiyo i iwepo, isiwepo, mashine italikubali tu neno. Akiwa na haraka aliiruka. Na hiyo jumlisha maana yake ni a moja au zaidi. Kuna siku alikuwa anaivuta: nimechokaaa.

Akabonyeza. Mistari ikamiminika hadi ikapita kioo. Mia mbili na sita. Wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili nyuma.

Muuguzi wa zahanati ya jirani, aliyekuwa amesimama nyuma yao akingoja muuza kahawa apite, alisoma kidogo.

— Pole sana, kaka. Na wewe ulikuwa unamjibu nini?

Kinyozi alimtazama Profesa. Profesa akatazama viatu vyake. Fundi aliongeza kitu kidogo kwenye amri ile ile, ili kila mstari uje na ule unaoufuata.

"Nmechoka leo." "Sawa."

"Nimechoka mpaka mifupa." "Mafundi wa maji wamekuja?"

"Nimechokaaa. Ukirudi tuongee." "Nina kazi. Tangulia kulala."

Alisoma hadi macho yakakataa. Muuguzi akamwekea mkono begani.

Siku ya mazishi, Fundi alikuwa amewaambia wakwe zake kwamba marehemu aliwaficha wote. Sasa alitoa simu mfukoni, akampigia mama mkwe.

— Mama, shikamoo. Lile nililowaambia si kweli. Mwanao hakuficha. Aliniambia mimi.