Miaka Thelathini na Mmoja Kando ya Bwawa: Mzee Ephantus Nyaga

Mzee Ephantus Nyaga, mtunza bwawa la kuogelea la hoteli yetu hapa njia ya Manyatta, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Julai 2026 baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja. Ninayeandika ni Mutuma wa stoo. Kamati ya sherehe iliponipa kazi hii, nilimwendea mwenyewe kumuuliza angependa nitaje nini. Alikuwa akipima klorini, hakuinua kichwa.

"Andika yote," akasema. "Ukiandika ya kufurahisha peke yake, usiyasome mbele yangu."

Alizaliwa upande wa Siakago, ambako maji yalifuatwa kwa punda nusu ya siku. Alipoajiriwa mwaka wa 1995 kufyeka nyasi, alilitazama bwawa akauliza ng'ombe wa nani hunywa humo. Walimcheka wiki nzima. Mwaka uliofuata alikuwa amejifunza kuogelea, kwa kushika ukuta na kuuachilia kidogo kidogo kabla wageni hawajaamka, na bwawa likawa chini yake. Watu watatu aliwatoa majini wakiwa hai. Mmoja wao, mhubiri mnene, bado humletea mkungu wa ndizi kila Krismasi.

Mwaka wa 2013 hoteli ilinunua roboti ya kusafishia bwawa. Wanawake wa jikoni walitoka na mikono ya unga kuitazama ikitambaa chini na kupanda ukuta peke yake. Safiya, mpishi wetu, akasema ni kobe aliyeenda shule, na jina likabaki: Kobe.

Kobe alifanya kazi vizuri miaka minane, halafu akaanza kuchoka. Alizunguka mahali pamoja kama kuku mwenye kizunguzungu. Alikataa kupanda ukuta. Alikopita aliacha mistari ya vumbi. Wengine tulisema atupwe, lakini Mzee Nyaga alianza kumchunguza kiungo kwa kiungo. Aliunyoosha waya na kuuanika juani, maana waya uliojisokota humvuta upande mmoja, kuzunguka kukaisha. Alimfungua tumbo, akang'oa nywele za wageni na majani ya miti ya mikima iliyo uani yaliyojifunga kwenye feni ya kunyonya. Nguvu zikarudi kiasi. Brashi zilikuwa zimelika zikawa laini kama ulimi. Hizo tuliagiza, hazikuja.

Lakini hata baada ya Kobe kupita, maji yalibaki na ukungu, na hilo lilimnyima raha siku nne. Siku ya tano alilitoa chujio akaliinua juani. Palikuwa na mpasuko usiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Vumbi liliingia tumboni mwa Kobe na kutokea mgongoni.

"Hatusafishi," akatuambia. "Tunakoroga."

Alilishona kwa uzi wa nailoni, akaomba chujio jipya kwa barua. Baadaye akaandika barua ya pili, na ya tatu. Mshono ulishika hadi Februari 2024, wakati wa kiangazi, vumbi la barabara lilipojaa kila mahali. Chujio likapasuka tena.

Jumamosi moja ya mwezi huo, asubuhi, alizamisha sahani nyeupe kwenye kina kirefu, akasimama ukingoni, asiione. Alifunga kamba langoni, akaja kwangu. Wakati huo nilikuwa msimamizi wa zamu.

"Mutuma, leo hakuna mtu kuingia. Sioni chini. Mimi naenda Embu mjini kutafuta uzi na kitambaa."

"Sawa, Mzee," nikamjibu.

Mchana semina ya walimu kutoka Nchiru ilimalizika. Jua lilikuwa kali, na walikuwa wameahidiwa kuogelea. Walilalamika, kwa adabu mwanzoni, halafu kwa sauti. Niliyatazama maji yakiwa ya buluu kwa juu, nikaona aibu kuwanyima. Niliifungua kamba nikaitupa kwenye nyasi. Hakuna aliyenilazimisha.

Mzee Nyaga alirudi saa kumi na nusu. Aliiona kamba. Hakuuliza nani ameifungua. Alitazama safu ya patipati ukingoni, akaokota jozi moja.

"Za nani hizi?"

"Za Winfred," akajibu mwalimu aliyeitwa Peninah. "Ameenda kubadilisha nguo."

"Ameenda bila viatu?"

Aliruka na nguo zake, na viatu vyake. Ndani ya maji yale macho hayakusaidia, kwa hiyo alitafuta kwa mikono, akipapasa sakafu. Mara ya tatu aliibuka naye. Alimkandamiza kifua bila kupumzika mpaka ambulensi ilipofika, na walipomwambia aache hakuacha. Ilibidi washike mikono yake. Winfred Kananu alikuwa mwalimu wa gredi ya tatu na mama wa wasichana wawili. Wenzake walikuwa wameogelea juu yake.

Nilipotakiwa kuandika taarifa, niliandika kwamba sikuambiwa bwawa limefungwa. Mzee Nyaga aliandika kwamba aliniambia, akaongeza kwamba yeye naye alikosea, angefunga lango kwa kufuli. Likawa neno langu dhidi ya lake. Mimi nilikuwa na tai, yeye gambuti. Alisimamishwa kazi.

Alienda na Safiya mazishini Nchiru. Mimi nilisema nina zamu. Safiya aliporudi aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Mume wa marehemu, Mithika, alimuuliza Mzee kama mkewe alipiga kelele," akasema. "Unajua alijibu nini? 'Sikuwa hapo. Aliyekuwa hapo bado hajaweza kuja.' Hakutaja jina lako, Mutuma. Yule mtu alingojea jina, hakulipata."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu nilimwendea meneja, kisha polisi, nikaandika taarifa upya. Kisha nikaenda kwa Mithika. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakunikaribisha, na sikustahili. Nilimwambia kwamba sikusikia kelele yoyote, kwa sababu nilikuwa nimerudi kwenye kivuli. Uchunguzi ulifanywa na lawama ikawekwa mahali pake. Ndiyo sababu niko stoo.

Mzee Nyaga alirudishwa kazini baada ya wiki sita. Kobe alitupwa, roboti mpya ikanunuliwa upesi, na lango likapata kufuli. Kwa miaka miwili amefanya kazi karibu nami bila neno la uchungu, na bila neno la kunifariji. Wiki iliyopita nilimuuliza kama amenisamehe.

"Hilo si langu," akasema. "Ni la Mithika na watoto. Usiniombe kitu cha mwingine."

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani kwangu.

"Nimemwambia meneja bwawa upewe wewe."

"Mzee, kwa nini mimi? Kuna vijana waliosomea."

"Wao wataambiwa habari za yule mama, na mwaka ukiisha watasahau. Wewe hutasahau." Alipofika mlangoni aligeuka. "Si zawadi, Mutuma."

Mzee Nyaga, kwa niaba ya jikoni, mapokezi, usafi, ulinzi na ofisi, tunakushukuru kwa miaka yako, kwa wale watatu waliorudi kwao wakiwa hai, na kwa yule mmoja uliyekataa kumwachilia. Tunawatakia wewe na mkeo, Mama Muriuki, afya, majirani wema, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua lipande.