Gurudumu la Mbele Nililomkabidhi Skola

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa asubuhi hii. Mnaonifahamu mnajua kwamba kwangu mimi kukaa kitako ni kazi, kwa hiyo mtaniwia radhi nikizungumza huku nabadilisha miguu.

Naitwa Maganga. Shule niliiacha darasa la tano, lakini kuuliza sikuacha. Nimepakia magunia stesheni ya Kigwa ili tu nijue mabehewa yanavyoungwa. Nimetembea kwa miguu njia ile ya zamani ya misafara, kijiji hadi kijiji, kwa sababu nilitaka kujua wapagazi walikuwa wanakunywa maji wapi. Kila niliyekutana naye nilimuuliza jambo. Mtu mmoja tu sikumuuliza kitu: mke wangu.

Skola ni fundi cherehani. Tumepanga chumba mtaa wa Chemchem. Hatukuwahi kupigana, na mimi nilijisifu kwa hilo. Akianza tu kusema, "Maganga, hili jambo linanikera," mdomo wangu unajifunga. Natazama dari. Nachukua redio naifungua nati, na redio ni nzima. Akiendelea, nashika baiskeli. Siku tatu, siku tano, wiki. Kisha narudi na nusu kilo ya sukari, nasalimia kana kwamba nilitoka hapo kisimani. Skola alikuwa akiniambia, "Afadhali nigombane na cherehani. Yenyewe nikiikanyaga inalia."

Nilidhani ule ni upole. Ndugu zangu, nilidhani ni upole!

Mwaka jana mimba yetu ya kwanza iliharibika ikiwa na miezi mitano. Aliporudi kutoka hospitali alilala siku mbili. Siku ya tatu akaketi, akasema, "Njoo hapa tuongee. Naona kama ni mimi nimemuua, na wewe hata hunitazami." Kifua kilinibana, miguu ikaanza kuwasha. Nilipanda baiskeli nikaenda Kwihara kuchoma matofali.

Huko nilipewa kazi ya kukandika tanuru. Moto ukishashika ndani, mnaziba matundu yote kwa udongo, joto lisitoke. Kwa nje unaona ukuta mbichi umetulia. Ndani tofali linaungua mpaka linakuwa jekundu. Siku ya nane nilikuwa hapo, mikono imejaa tope, nikimdodosa Mama Ashura, mwanamke aliyekuwa akituletea maji.

"Wewe Maganga umeniuliza mpaka punda wa marehemu babu yangu alikuwa wa rangi gani," akasema. "Haya, sasa zamu yangu. Mkeo hajambo?"

"Sijui."

"Hujui? Punda aliyekufa unamjua, mke aliye hai humjui?"

Wenzangu walicheka hadi wakaweka koleo chini. Mimi nilitazama mikono yangu. Kumbe siku zote sikuwa nazima ugomvi, nilikuwa naukandika. Na aliyekuwa akiungua mle ndani ni Skola. Nikapiga magoti palepale kwenye tope, nikasema, "Baba, nimechoka kukimbia. Nishike miguu."

Nilifika nyumbani adhuhuri. Cherehani ilikuwa imefunikwa, nguo zimefungwa furushi. "Kesho naenda kwetu Ulyankulu," alisema, basi. Nikamuuliza hili, nikamuuliza lile. Kimya. Alikuwa anatazama dari. Mimi niliyeuliza nchi nzima nikanyimwa jibu ndani ya chumba changu mwenyewe, na ndipo nilipojua kimya kinavyouma. Miguu ikaanza tena. Mlango ulikuwa wazi, baiskeli imeegemea ukutani.

Nilitoka. Nyuma yangu nikamsikia anashusha pumzi, kama mtu aliyekwishajua. Lakini nje nilichukua spana, nikafungua gurudumu la mbele, nikarudi nalo ndani, nikaliweka miguuni pake, na spana juu yake.

Akalitazama muda mrefu. "Sasa hili nilishone?"

"Likae kwako. Siendi popote. Niambie kule hospitali ilikuwaje."

Kisha akaanza. Alisema mpaka kivuli cha nyumba ya jirani kikafika mlangoni petu. Mengine yalinichoma. Mara tatu nilisimama, mara tatu nikaketi. Mwisho akasema alikuwa amemchagulia mtoto jina, na siku zote zile alikuwa anangoja nimuulize.

Nikamuuliza. Akanitajia. Hilo ni letu wawili.

Kesho yake alikwenda kwao vilevile. Wiki mbili. Ikawa zamu yangu kukaa na kungoja, gurudumu chini ya kitanda, majirani wakiuliza baiskeli inaumwa nini. Niliomba kila siku, sikuwa na hakika kama atarudi. Jumamosi moja nikasikia hodi. Alikuwa Skola, mkononi ana nusu kilo ya sukari.

Ndugu zangu, sitawadanganya. Mungu hakuniondolea miguu inayowasha. Ila sasa kifua kikinibana nasema, "Skola, nimejaa. Naenda mpaka bombani, narudi, tumalize." Na narudi. Kuna siku nimekwenda bombani mara nne, mpaka akaniambia ndoo zimekwisha, nikae tu.

Namshukuru Yesu aliyenikuta kwenye tope akanirudisha nyumbani. Na wewe uliyemwacha mtu akiongea na ukuta, usingoje ujue la kusema. Mtegemee Bwana kwa swali moja tu, lile linalogoma kutoka. Ukishauliza, kaa.

Skola yule pale, benchi la tatu. Tumekuja kwa baiskeli, yeye amekaa nyuma. Gurudumu limerudi mahali pake. Spana iko kwenye mkoba wake.