Alvin Strnad na Mlango Ambao Hakuuandika

Marehemu Alvin Strnad alizaliwa Ennis, Texas, tarehe 12 Machi 1958, mtoto wa pili wa Bwana Rudolf na Bibi Albina. Alisoma shule ya parokia hapo hapo Ennis, kisha hesabu katika chuo cha Denton, ambako alikutana na Bernice. Walifunga ndoa mwaka 1983. Bernice alizoea kusema, "Niliolewa na Alvin, kompyuta ikaja kuwa mke mwenza."

Alifanya kazi Garland, akiandika gemu za kompyuta. Mwaka 1999, gemu yake ya mapango ilipoacha kuuzwa, aliutoa msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha gemu, bure kwa sharti moja: chukua, badilisha, hata uuze, ila ukiuza, nawe uanike msimbo wako wote. Wengi walitia mkono, kila mmoja akibaki mwenye haki ya sehemu aliyoiandika, akiwemo Glenda Ostby wa Duluth, aliyeandika sehemu inayofungua milango ya mapangoni. Glenda alifariki mwaka 2009, bila ndugu anayejulikana.

Oktoba 2022 madaktari walimkuta Alvin na saratani ya kongosho. Wiki hiyo hiyo Maeve Gillis wa Halifax, aliyejenga gemu mpya juu ya msimbo ule, aliomba ruhusa ya kuiuza kwenye mashine za gemu za kuunganisha na televisheni, ambazo watengenezaji wake hawataki msimbo uanikwe. Alvin alitamani mno kuiona kazi yake ikirudi madukani. Ruhusa yake aliitoa papo hapo, na wengine wote wakakubali. Ikabaki milango ya Glenda.

"Glenda ameshakufa, Alvin. Nani atakushtaki?" Bernice aliuliza.

"Ndiyo maana siwezi. Hana wa kumsemea."

Wala hakuweza kuiandika upya mwenyewe, maana aliyekwisha kusoma huandika alichosoma. Akamwita binti yake Noreen, mwandishi wa programu za benki, ambaye hakuwahi kuutupia jicho msimbo ule. Kitandani, akimega kolachi, andazi la Kicheki lenye matunda, kidogo kidogo, alimweleza mlango unapaswa kufanya nini. Namna ya kuufanya, alikataa ng'o kuisema.

"Baba, jibu unalo! Nitegulie tu."

"Nikikutegulia itakuwa kazi ya Glenda. Hangaika, mwanangu."

Noreen alihangaika, akanuna, akalia. Siku za baba zilikuwa zinakwisha, na bado alifunga mdomo. Waliokuwa chumbani hawajawahi kuona uaminifu wa namna ile.

Mlango wa Noreen ulifunguka kwenye gemu tarehe 30 Januari 2023. Alvin alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Huu si wa Glenda hata kidogo," alisema. "Wake ulikuwa mzuri zaidi."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari. Ameacha mjane, Bernice, binti, Noreen, kaka, Emil, wajukuu wawili, na watu wengi tusiowajua waliojifunza kazi kwa kusoma maandishi yake. Gemu ya Maeve itaingia madukani mwezi wa Mei. Alvin hakuiona, lakini hakumnyang'anya mtu kitu, hata aliyekufa. Alale kwa amani, mikono yake i safi.