Kikapu Ambacho Miiba Hakukikagua

Marehemu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Miiba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba hata alipokuwa mtoto wa kubebwa, hakupokea kijiko kabla ya kukitazama pande zote.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na soko, kisha akaenda chuo cha kilimo kujifunza utunzaji wa bustani, akahitimu mwaka 1969. Waliosoma naye wanakumbuka kwamba hakuwahi kupotelewa na penseli. Aliifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati.

Mwaka 1970 aliajiriwa na halmashauri ya mji katika bustani ya mawaridi iliyo mbele ya mahakama, akaitunza hadi alipostaafu mwaka 2009. Alipogoa kwa namna yake: mkasi mshazari, juu kidogo ya jicho la kuchipulia linalotazama nje, kidole gumba kikiwa chini yake, kisha akakipaka kidonda cha tawi udongo mbichi. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba waridi la umma halikatwi kwa ajili ya mtu. Maharusi waliokuja kupiga picha walikaguliwa wakitoka. Mke wa diwani alifunguliwa mkoba. Hakimu mmoja aliponung'unika, alijibiwa, "Mheshimiwa, huko ndani unahukumu wewe. Hapa nje ni mimi."

Mwaka 1974 alimwoa mshonaji aliyejifunzia kazi kwa baba wa marehemu, wakajaliwa watoto wanne. Mchana mkewe alimpelekea chakula, akakaa kwenye benchi kumtazama akipogoa, na marehemu alipomaliza kula alimbebea kikapu hadi getini asije akachoka. Watoto wanasema mahaba mengine ya wazazi wao hawakuyaona. Mke alipomuuliza kwa nini mwenye mawaridi yote haya hajamletea hata moja, alimwambia, "Nikikupa wewe leo, kesho nitamkaguaje mwenzio?" Mama hakuuliza tena. Marehemu, aliyeshuku kila kitu, hakuushuku ukimya huo.

Mwaka 1996 alianza kukuta vikonyo vilivyokatwa. Havikunyofolewa kama wafanyavyo wezi. Vilikatwa mshazari, juu ya jicho linalotazama nje, na kidonda kikapakwa udongo. Marehemu aliona huyo ni mtu aliyefundishwa, naye alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu: msaidizi wake. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema mbele ya wafanyakazi wote, akimtazama. Msaidizi hakukiri wala hakukana. Alihamishiwa makaburini kufyeka nyasi, na jina la mwizi likamfuata huko. Mawaridi yaliendelea kupungua. Marehemu akaamini kijana amechongesha ufunguo, akabadilisha kufuli la geti. Jioni akifika nyumbani alivuta pumzi mlangoni na kusema kazi imemwingia mwilini, hata akioga ananukia waridi. Mkewe alimwambia ni kweli, ananukia.

Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa. Siku moja mgeni alileta maua wodini. Mama aliazima mkasi kwa muuguzi, akavipunguza vikonyo: mshazari, juu ya jicho, kidole gumba chini. Marehemu aliutazama mkono ule kwa muda mrefu.

"Kikapu," akasema.

"Chini ya sahani," mama akajibu. "Na ni wewe uliyekibeba."

"Ulikuwa ukiyaweka wapi?"

"Nyuma ya cherehani. Wewe ukayanusa, ukajisifu."

Binti yao, aliyekuwepo, anasema baba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa watu je?"

Msaidizi, ambaye sasa ana mvi zake, aliitwa. Marehemu alimwomba radhi. Msaidizi akamjibu, "Mzee, mimi nilimwona mama siku ya kwanza. Uliponihamisha nikadhani na wewe umemwona, unamsitiri. Nikasema basi, tumsitiri wote."

Marehemu aliagiza habari hii isomwe leo, kwa sababu alimshuku mtu huyu mbele ya watu na hakutaka kumsafisha chumbani. Mama ameridhia. Yasikike basi: msaidizi hakuiba hata jani.

Marehemu alifariki dunia Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, alfajiri, mkewe akiwa kando ya kitanda. Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na msaidizi wake, ambaye kwa agizo la marehemu mwenyewe anahesabiwa leo pamoja na watoto. Atazikwa katika makaburi ambayo msaidizi huyo ameyafyeka kwa miaka yote hii.

Aliagiza pia kwamba waridi la umma lisiwekwe juu ya jeneza lake. Familia imelizingatia hilo, kwa kadiri inavyojua. Mama atakuja na kikapu chake, na msaidizi ameomba akibebe yeye. Waombolezaji wanaombwa wasikikague.

Mola amlaze mahali pasipo na wa kumshuku.